Hema la juu na chini: Kilosa na Mikumi wakodishe kwanza

Mwekezaji mdogo anayefikiria kuweka fedha zake katika vifaa vya kulalia porini kwa ajili ya Kilosa na Mikumi anapaswa kujibu swali moja kabla ya kutoa hata senti: mteja wake atalala juu au atalala chini? Swali linasikika kama mzaha, lakini ndilo litakaloamua kama mtaji utazunguka au utaozea stoo.

Wilaya ya Kilosa haina ardhi ya aina moja. Upande mmoja liko bonde la Mkata, tambarare ya nyasi na miti ya kutawanyika, ambalo sehemu yake kubwa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na yenye eneo la kilometa za mraba 3,230. Upande wa pili inapanda milima ya Rubeho na Ukaguru, yenye vilele vinavyopita meta 2,000. Na msafiri aliyefika Mikumi mjini akikata kushoto kuelekea Ifakara, baada ya kilometa zipatazo 65 yuko Mang'ula, lango la Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, ambayo haina njia ya gari ndani yake. Huko kila kitu kinakwenda kwa mguu, mgongoni mwa mtu.

Kwenye tambarare ya Mkata mtu hana pa kufunga. Hata hiyo mikumi, yaani mivumo iliyoupa mji jina lake, ni minara tu, na mara nyingi umbali kati ya mmoja na mwingine haukumfikiria mlalaji. Hapo mteja atalala chini, tena pale anapoelekezwa na askari wa hifadhi. Lakini mtu huyo huyo akipanda Udzungwa au Ukaguru siku mbili baadaye, mambo yanageuka. Mteremko hauna meta mbili za usawa, chini ni mizizi, unyevu na siafu, na miti iko tele. Hapo kulala chini ni adhabu na kulala juu ndiyo raha.

Ndiyo maana mfanyabiashara aliyenunua mahema ya chini peke yake atamwachia mteja wa milimani aende kwa mwingine, na aliyenunua machela peke yake atabaki akiyatazama Mikumi. Anayenunua vyote viwili amefunga mtaji mara mbili kwa mteja mmoja. Kati ya hao watatu wote, hakuna mwenye hesabu nzuri.

Kifaa cha namna mbili si ndoto. Ni kitanda cha kitambaa cha nailoni, chandarua kinachofunika juu, turubai jepesi la mvua na mikanda ya kufungia mtini. Penye miti kinaning'inizwa. Pasipo na miti, fimbo mbili za kutembelea husimamisha lile turubai, kitanda kinatandikwa juu ya plastiki nene, na chandarua kinabaki kazini. Uzito wake wote ni kati ya kilo moja na nusu na kilo mbili na ushee. Jeshi la Marekani lilitengeneza machela yenye paa na chandarua kwa ajili ya misitu ya Pasifiki katika vita ya pili ya dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tom Hennessy wa Kanada akaanza kuyauza mepesi kwa raia. Kampuni ya Lawson ya Marekani inauza aina iitwayo Blue Ridge, ya kilo 1.9 hivi, yenye vyuma vya kupinda vinavyotanua kitanda, kiasi kwamba kikiwekwa chini kinasimama kama hema dogo la mtu mmoja.

Kwa watu wa Usagara uzito wa mzigo ni habari ya zamani. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Ugogo na Unyamwezi ilipita katika milima hii hii, na mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo zaidi ya 30. Hema la mkubwa wa msafara peke yake liliweza kuwa mzigo wa mtu mzima. Leo Kilimanjaro mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20. Penye kikomo cha namna hiyo, kila kilo inayopungua kwenye hema ni kilo ya chakula au ni mshahara wa mpagazi mmoja unaobaki mfukoni. Hilo mwenye kampuni ya utalii analielewa haraka kuliko maneno yote ya mauzo.

Kuna jambo dogo la jina. Neno machela kwa wengi linamaanisha kile kitanda cha kubebea mgonjwa, na hakuna anayetaka kulipa fedha ili alale kwenye kitu kinachomkumbusha hospitali ya wilaya. Vijana wa mjini wanasema hamoki. Mfanyabiashara asione haya kuwafuata.

Sasa hesabu. Takwimu zifuatazo ni za kukadiria tu, na kila mmoja aweke bei za kwake. Tuseme hema jepesi la mtu mmoja linapatikana kwa Sh. 250,000 na machela kamili kwa Sh. 250,000, jumla Sh. 500,000. Tuseme kifaa kimoja cha namna mbili ni Sh. 350,000. Kodi ya usiku mmoja iwe Sh. 12,000, na usafi na matengenezo vile Sh. 2,000, hivyo kinachobaki ni Sh. 10,000. Mwenye vifaa viwili anahitaji usiku 50 ili kurudisha fedha yake. Mwenye kimoja anahitaji usiku 35.

Kiangazi cha Juni hadi Oktoba kina wikiendi 22 hivi, sawa na usiku 44 kama kila Ijumaa na Jumamosi kifaa kimetoka. Hakitatoka kila mara. Kikitoka nusu ya hizo, ni usiku 22 kwa msimu. Hivyo wa kwanza anarudisha mtaji wake katika msimu wa tatu na wa pili katika msimu wa pili. Tofauti ya msimu mmoja kwa mtu mwenye mtaji mkubwa ni jambo la kuvumilia. Kwa mtu aliyeuza mbuzi au aliyechukua mkopo ni tofauti ya kubaki sokoni au kutoka.

Na mkopo una bei yake. Kwa kiwango cha juu cha riba ambacho Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo, asilimia 3.5 kwa mwezi, deni la Sh. 350,000 linadai Sh. 12,250 kila mwezi. Riba ya mwezi mmoja inakula faida ya usiku mmoja na ushee, mvua inyeshe isinyeshe, na masika hayakodishi mahema. Ni heri kikundi cha vijana au akina mama kikagonga mlango wa halmashauri. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, haina riba. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024.

Wapo wanaosema kwa nini kukodisha, si auze tu achukue chake? Kwa sababu mnunuzi wa Kilosa ni mmoja na mkodishaji ni mia. Watalii wa nje waliofika nchini walipita milioni 1.8 mwaka 2023, lakini idadi hiyo isimlewesha mtu. Wengi wao walikwenda kaskazini na Zanzibar, na wanaolala Mikumi hulala hotelini au katika kambi zenye vitanda vya mbao. Mpandaji halisi wa milima kutoka Ulaya huja na hema lake begani.

Mteja aliyebadilika ni wa Dar es Salaam. Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni, 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huo huo, na Kilosa ni moja ya stesheni zake. Mtu ambaye zamani alihesabu siku nzima ya basi kwenda Kilosa na kurudi sasa anaweza kutoka Ijumaa jioni na kuwa ofisini Jumatatu. Huyu hana hema, hana pa kuliweka katika chumba chake cha Sinza, na hatanunua kifaa cha kutumia usiku mbili kwa mwaka. Atakodi. Wanafunzi wa vyuo vya Morogoro wanaokwenda kusoma misitu na wanyama nao watakodi, kwa vikundi, na chuo kitalipa kwa hundi itakayochelewa. Wachelewaji wa namna hiyo wawekewe malipo ya awali.

Mahali pa duka ni stesheni ya Kilosa au Mikumi mjini, na kama uwezo upo, pote pawili, ili mteja achukue huku arudishe kule. Barabara ya Kilosa hadi Mikumi iko ndani ya wilaya moja, lakini mtu anayepita na begi la kilo kumi hatafurahi kurudi nyuma kwa ajili ya kurudisha hema la watu.

Hapa ndipo inapofaa kuwatahadharisha wenye ndoto za kontena na za kiwanda. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki hutoza asilimia 25 kwa bidhaa nyingi zilizokamilika, na tangu Julai 2022 lipo tabaka la asilimia 35. Juu yake kuna VAT ya asilimia 18. Anayesoma bei ya Guangzhou na kuizidisha kwa kiwango cha dola tu bado hajasoma bei.

Kiwanda nacho Morogoro inakijua. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikitarajiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kufika hata asilimia 10 ya uwezo wake, hakikuuza Ulaya, na mwaka 1990 kilifungwa. Mashine zilikuwepo na wafanyakazi walikuwepo. Aliyekosekana ni mnunuzi ambaye mtu alikuwa amezungumza naye kabla. Vifaa kumi vya kukodisha ni njia nafuu ya kuzungumza naye.

Ushonaji ni habari nyingine, nao haufai kupuuzwa. Kitanda cha kuning'inia cha aina nyepesi kabisa ni kipande cha nailoni cha meta tatu kwa moja na nusu, kilichokunjwa na kushonwa ncha mbili ili kamba ipite. Fundi yeyote wa sokoni Kilosa mwenye cherehani nzima anaweza. Asitumie uzi wa pamba, maana huoza. Atumie wa polista. Asiweke kiungo cha kitambaa katikati pale uzito unapokaa. Chandarua kimeshatengenezwa hapa nchini kwa mamilioni. A to Z ya Arusha ilianza kutengeneza neti za Olyset mwaka 2003 kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani. Kinachobaki kuagizwa ni nailoni nzuri na turubai jepesi, na hapo ndipo fedha inapokwenda.

Wazalendo wa Kimamba na Rudewa watauliza: na mkonge wetu? Swali ni halali. Mkonge uliingia Tanganyika mwaka 1893 kwa mkono wa Dakta Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai baada ya safari, na kufikia mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kisha kamba za plastiki zikaua bei, usimamizi ukaua mashamba, na mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa tani zipatazo 20,000. Kilosa ingependa kuuona ukirudi kwa kila mlango.

Mlango huu, hata hivyo, ni mwembamba. Kamba ya mkonge hunywa maji, huvimba, huwa nzito na kwa unyevu wa milimani huoza kwa ndani bila kuonyesha. Kumning'iniza binadamu kwa kamba hiyo msimu wa tatu ni kucheza na mgongo wa mtu. Na uzito unaovuta kamba si ule ambao wengi wanaudhania. Kamba ikiwa imelala kwa pembe ya nyuzi 30, kila upande unabeba uzito sawa na wa mlalaji mzima. Ikivutwa hadi nyuzi 10, kama wafanyavyo wanaotaka kitanda kinyooke, kila upande unabeba karibu mara tatu. Mtu wa kilo 80 anakuwa kilo 230 kwenye kila mti, magunia mawili ya mahindi na zaidi. Mikanda iwe ya polista, mipana.

Mkonge una kazi yake hapa, ila si ile. Ufumwe vipande vya kuzungushia mti ili mkanda usikate gome, jambo ambalo wenye misitu watalidai na ni haki yao. Ufumwe mikeka ya kutandika chini ya kitanda pale mteja anapolala ardhini. Hizo ni bidhaa ndogo, bei ndogo, lakini zinauzika pamoja na kifaa na hazimtii mtu hatarini.

Baridi nayo isisahaulike. Anayening'inia hupigwa na upepo kwa chini, na blanketi analojifunika halimsaidii mgongo kwa sababu uzito wake unalibana. Ukaguru ya Julai itamrudisha mteja dukani akiwa na mafua na malalamiko. Kila kifaa kitoke na godoro jembamba la sponji. Na hilo hilo godoro ndilo litakalotumika Mikumi chini. Ni Sh. elfu kadhaa tu, na linaokoa jina la duka.

Kuna soko jingine ambalo wachuuzi wa vitu vya watalii hawalitazami. Pembezoni mwa hifadhi wakulima hukesha kwenye madungu wakilinda mahindi na mpunga dhidi ya nguruwe na tembo. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakata hifadhi katikati, na utingo analala chini ya tela kwenye boksi. Hawa wote wamekuwa wakilala juu na chini tangu zamani bila kuhitaji neno hamoki. Hawawezi Sh. 350,000 na wasiombwe. Lakini kitanda cha kitambaa cha kawaida, neti na kipande cha turubai la bluu vilivyoshonwa na fundi wa hapa hapa vinaweza kushuka hadi bei ambayo mtu wa shamba anailipa baada ya mavuno. Mwenye duka la kukodisha akiwa na fundi wake, msimu wa mvua fundi huyo anakuwa na kazi.

Pawepo pia tahadhari ya upande wa pili. Kilosa imeona mahema kwa sababu isiyo ya starehe. Mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalifagia nyumba na kuvunja reli, na maelfu ya watu wakahamia kambini. Atatokea mjanja wa kusema kwamba vifaa hivi viuzwe kwa halmashauri kama akiba ya maafa. Familia ya watu sita haikai kwenye kitanda cha mtu mmoja cha kuning'inia. Mwekezaji asiingizwe kwenye zabuni ya namna hiyo kwa ahadi ya wingi.

Adui mkubwa wa bidhaa yenyewe yuko ndani ya ghala. Matarubai mengi ya bei nafuu yamepakwa utando wa poliyurethani ili yasipitishe maji. Joto na unyevu huuvunja utando huo taratibu, hata kama kifaa hakijatumika. Kwanza unanata, kisha unatoa harufu ya uchachu, kisha unabanduka kama ngozi ya nyoka. Bati la Kilosa mwezi Februari linaharakisha. Yaliyopakwa silikoni ni ghali zaidi lakini hayana ugonjwa huo. Na kila kifaa kinachorudi kianikwe kivulini hadi kikauke kabla ya kukunjwa, maana jua kali nalo hula nailoni.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye jaribio mbele ya muuzaji. Anuse turubai na kulisugua kwa vidole. Aning'inize kitanda kwa pembe ya nyuzi 30, aweke gunia la kilo 100 ndani yake, amwagie maji ndoo moja kamba na mikanda, aache hadi kesho yake asubuhi, kisha akague mishono yote. Halafu akisimamishe chini kwa fimbo mbili, peke yake, kwa mwanga wa tochi. Kikimchukua zaidi ya robo saa, mteja wake atakayefika Mikumi saa mbili usiku hatakiweza. Muuzaji akikataa gunia, mnunuzi abebe fedha yake aende kwa wenye mitumba wa Karume au wa Memorial pale Moshi, ambao hawaoni aibu bidhaa yao kuvutwa.